Mita Mbili

Mtu mnayekunywa naye kahawa kijiweni yuko mita moja na nusu kutoka puani pako. Konda aliyening'inia mlangoni mwa daladala, wewe ukiwa siti ya pili, yuko mita mbili kasoro. Fundi cherehani wa barazani, ukisimama mahali ambapo humkingi mwanga, ni mita mbili kamili. Mama anayekuhesabia chenji gengeni ni mita moja tu, na mtoto anayekuja mbio kukupokea mfuko wa sokoni yuko mita tatu, mara mbili, mara ameshakushika miguu.

Mambo tutakayotamani kuyaona tena baada ya miaka ishirini yanatokea humo, ndani ya hatua tatu. Mlima Kilimanjaro hauko humo, simba hayumo, na harusi ya ukumbini, yenye taa zake na kamati yake, ina mpiga picha wake aliyelipwa. Kamera ya mfukoni ni ya hatua hizo tatu. Ukishalikubali hilo, maswali yanayowatoa jasho wanunuzi dukani, zumu ngapi, megapikseli ngapi, yanapungua uzito. Linabaki moja: ikitoka mfukoni inakuwa tayari kwa mita mbili, au ndiyo kwanza inaanza kutafuta?

Najua utakaloniuliza. Simu je? Simu ya leo ni kamera hodari, na mwandishi anayeidharau anajidanganya. Kwa mbofyo mmoja inakusanya picha kadhaa na kuziunganisha, ikaokoa dirisha lenye jua kali na sebule yenye giza kwa pamoja, na usiku huona kuliko kamera yoyote ndogo ya mwaka 2010. Simu ndiyo iliyozimaliza kamera hizi sokoni. Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha zaidi ya kamera ndogo milioni 100 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Kwa hiyo anayetembea na kamera ndogo leo amechagua, na anastahili kuwa na sababu.

Sababu yangu ya kwanza ni kwamba simu ina wenyewe wengi. Unaitoa upige picha, yenyewe inakuarifu kuwa shemeji kapiga mara mbili, kikundi cha mchango kinauliza ahadi yako, na salio la bando limekwisha. Mpaka umalizane nao, konda kashashuka. Ya pili inahusu anayepigwa. Siku hizi mtu akielekezewa simu huwaza video itakayosambaa kabla hajafika nyumbani. Akielekezewa kamera ndogo huwaza picha, na kwa picha watu wetu wana mazoea ya muda mrefu. Nitalirudia hilo mbele. Ya tatu ni ya kiufundi, na ni rahisi kuipima kwa rula.

Ndani ya kamera, mahali palipokuwa pa filamu, kuna kihisi kinachopokea mwanga. Kwenye kamera ndogo za kawaida, zile za familia za miaka ya 2000, kihisi kina takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Sony ilipotoa RX100 mwaka 2012 iliingiza katika kamera ya kuenea mfukoni kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne ya kile. (Kihisi hicho huitwa cha inchi moja ingawa hakuna upande wake unaofika inchi, ni desturi ya kupima iliyorithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani, na wauzaji hawana haraka ya kuisahihisha.) Mwaka uliofuata Ricoh ikaenda mbali zaidi na GR yake: milimita 23.7 kwa 15.7, ukubwa uleule wa kihisi cha kamera nyingi kubwa zinazoning'inizwa shingoni, na eneo mara kumi na tatu la kile cha kamera ya familia. Kihisi kipana hukusanya mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo barazani jioni picha haijai chembechembe, na rangi ya ngozi haigeuki kuwa ya matope. Zipo simu chache za bei ya juu zenye kihisi cha inchi moja. Bei zake zinajieleza.

Ila kihisi peke yake hakipigi picha. Mwaka 2003 Alex Majoli, Mwitaliano na mwanachama wa shirika la wapiga picha la Magnum, alifanya kazi nzito za uandishi wa picha Congo, Uchina na Iraq kwa kamera ndogo za Olympus, hasa C-5050. Ilikuwa na megapikseli 5, kihisi kidogo, lenzi angavu, kioo cha nyuma kinachoinuka, na betri nne za AA, hizihizi za rimoti na redio, zinazopatikana duka lolote hata pale ambapo umeme haujafika. Wenzake walikuwa wamebeba mashine za kitaalamu zenye bei ya gari chakavu. Kazi ile ilimpa tuzo, na kwa siku kadhaa mafundi wa picha hawakuwa na mjadala mwingine. Wengi walibishana juu ya ubora wa faili. Mimi kilichonivutia ni jinsi alivyouzoea uchelewaji wa kamera ile: alijua itachelewa wapi, akawa anaiandaa kabla. Watu waliokuwa mbele yake hawakuona mtu wa habari mwenye bunduki ya lenzi. Waliona mtu mwenye kikamera cha mtalii, wakaendelea na shughuli zao.

Kuiandaa kabla ndiyo kazi yenyewe ya sura hii. Kamera ya kisasa inapenda kukuamulia, na kila uamuzi wake unakula muda: inatafuta uso, inapima mwanga, inasogeza lenzi mbele na nyuma kutafuta umakini. Kipande kidogo cha sekunde hapa, kingine pale, na tabasamu limepita. Dawa ni kuyaamua mambo hayo nyumbani, ukiwa umekaa, ili barabarani libaki la kubofya tu.

Yangu ni Ricoh GR III ya mwaka 2019. Ina gramu 257 pamoja na betri na kadi, inawaka kwa sekunde 0.8, na lenzi yake haina zumu kabisa. Ni pana: ukisimama mita mbili kutoka kwa mtu, picha ya kulala inameza upana wa mita mbili na nusu na kimo cha mita moja na sentimita sabini. Yaani mtu aliyekaa anaenea mzima, pamoja na jirani yake na chochote walichoweka katikati. Kisha kuna mpangilio wa hekima. Unaiambia kamera, mara moja tu, kwamba nikibofya moja kwa moja hadi mwisho usitafute kitu. Chukulia kila kitu kiko mita mbili. Daidō Moriyama, mzee wa picha za mitaani za Tokyo, amezunguka Shinjuku kwa miaka mingi na kamera za ukoo huu, tangu enzi za filamu, na ukiziangalia picha zake unaona hakuwa anasubiri mashine imalize kufikiri.

Hesabu yake ni hii. Lenzi ya namna hiyo tundu lake likiwekwa f/8 na umakini mita mbili, kila kilichoko kuanzia mita moja hadi mbali kabisa mtaani kitaonekana safi vya kutosha. Ukifungua hadi f/5.6, usafi unaanza mita 1.2 na kuishia mita 6. Usiku barazani, kwa f/2.8, unabanwa kati ya mita moja na nusu na tatu, na hapo lazima ujue mita mbili ni wapi bila kupima. Jifunze kwa vitu vyako: urefu wa kitanda, upana wa mlango mara mbili, wewe mwenyewe ukilala chini na kunyoosha mkono mmoja. Mchana weka f/8, acha ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, ijipange yenyewe, na uiwekee kamera sharti kwamba kasi ya shata isipungue 1/500 ya sekunde, maana mtu anayepita mbele yako kwa mita mbili anakwenda kasi kuliko unavyodhani, na daladala haikusubiri.

Mwenye kamera ndogo ya zamani, yenye kihisi kidogo, asikate tamaa kwa kukosa mpangilio huo. Lenzi yake ikiwa haijavutwa ni fupi mno, milimita tano hivi, kiasi kwamba karibu kila kitu kuanzia mita moja kinatoka safi hata usipotaka. Tatizo lake ni kuchelewa. Elekeza kwenye kitu chochote kilichoko mita mbili, bonyeza nusu, shikilia hapohapo, kisha ngoja tukio. Likifika, malizia kubonyeza. Kuchelewa kunabaki kidogo sana. Na usiguse zumu, kwani ukiivuta tu unapoteza mwanga, unapoteza upana, na mkono wako unaanza kuonekana unavyotetemeka.

Mwanga sasa. Kipimamwanga cha kamera kinaamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni ya kijivu. Ijumaa saa saba mchana nje ya msikiti, wanaume ishirini katika kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, imani hiyo inaleta balaa. Kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwanga. Kanzu zinatoka kama zimefuliwa bila sabuni, na nyuso zinakuwa giza tupu chini ya kofia. Kwenye kamera kuna kigurudumu au kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Weka +0.7, au +1 nyuso zikiwa kivulini. Ndiyo, nyuzi za kanzu zilizo juani zitapotea. Mimi huziacha zipotee. Hakuna mjukuu atakayeuliza kanzu ya babu ilifumwaje. Atauliza babu alikuwa na sura gani. Kinyume chake ni shangazi watatu katika mabuibui mbele ya mlango wa mninga: kamera itaongeza mwanga hadi weusi uwe wa majivu na nyuso zing'ae ovyo. Hapo toa, −0.7.

Kuna jambo moja ambalo kamera ndogo huizidi kamera kubwa waziwazi, na kwa jua letu la utosini lina thamani kuliko megapikseli zote. Katika GR, na katika nyingi za aina hii, shata imo ndani ya lenzi badala ya kuwa mbele ya kihisi. Kwa muundo huo flashi inaweza kuwaka hata kwa kasi kubwa, wakati kamera kubwa nyingi huishia 1/200 au 1/250 flashi ikiwa imewashwa, isipokuwa ukinunua flashi za gharama zenye mbinu zake. Saa sita mchana macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi. Washa kiflashi cha kamera ndogo, simama mita moja na nusu, na mashimo yanafunguka. Kiflashi hicho ni dhaifu na hakiwezi kushindana na jua, lakini hakikuombwa kushindana. Kimeombwa kuchungulia chini ya kofia. La kusikitisha ni kwamba Ricoh waliiondoa flashi ya ndani katika GR III. GR II ya 2015 ilikuwa nayo. Wakati mwingine mhandisi anayetafuta nafasi ya milimita chache angeletwa kwanza Ukonga saa sita.

Kuhusu mfuko, nitasema ya lazima. Kamera hizi hazina kinga ya vumbi. Lenzi inatoka na kuingia, na kila inapotoka inavuta hewa ya mfukoni pamoja na yaliyomo: pamba za suruali, makombo ya karanga, vumbi la Dodoma. Chembe ikifika kwenye kihisi itaonekana kama doa la kijivu angani katika kila picha, na kwa kuwa lenzi haifunguki, kuitoa ni kazi ya fundi mwenye bisibisi ndogo na moyo mkubwa. Kwa hiyo mfuko wa kamera uwe wa kamera peke yake, ugeuzwe nje na kukung'utwa mara kwa mara, na kamera ikae ndani ya kijifuko cha kitambaa. Mfuko wa pembeni wa kanzu ni mzuri ajabu: ni mrefu, hauna sarafu, na mkono unaushukia wenyewe. Ufukweni chembe moja ya mchanga inatosha kukwamisha lenzi isitoke wala isiingie. Pwani pia kuna unyevu, na unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi ya kamera iliyofungiwa kabatini. Vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, viweke na kamera. Betri ya GR III inakupa picha kama 200, kwa hiyo tembea na ya akiba. Inachajiwa pia kwa pawabenki.

Turudi kwenye mita mbili, maana zina upande mwingine ambao vitabu vingi vya kamera vinaupita. Hayo ni masafa ya salamu. Mwenye lenzi ndefu anaweza kumchukua mtu kutoka ng'ambo ya barabara bila kuonana naye macho. Wewe huwezi. Kwa mita mbili umeshaingia barazani kwa mtu, na aliyeingia barazani hupiga hodi. Udogo wa kamera usikushawishi kuificha kiganjani. Watu wanaona, na anayeonekana anaficha huhesabiwa mwizi hata kama hajaiba. Penye kituo cha polisi, kambi ya jeshi au ikulu iache mfukoni kabisa.

Tanga, bibi mmoja alikuwa kibarazani akisuka ukili. Maongezi yetu yalikwenda hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi. Naomba nikupige picha hapo ulipo, na ukili wako."

"Kwa hicho? Kamera gani ndogo hivyo? Si mchezo wa watoto huo?"

"Kamera kweli, bibi. Nitakuletea picha ya karatasi."

"Ya karatasi? Basi ngoja nijitande vizuri."

Akajitanda upya, akaweka ukili pembeni, akanyoosha mgongo, akakaza macho. Hayo ndiyo mazoea niliyosema. Pwani yetu ilijifunza picha studioni. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, na katika studio kama ile picha ilikuwa ni kuvaa, kukaa sawa na kutulia, kwa sababu picha ni heshima unayoiacha nyuma. Wapiga picha vijana hulalamika kwamba watu "wanakakamaa". Mimi sioni kosa. Piga ile ya kukakamaa, na uipige kwa uangalifu wote, kwani hiyo ni yake. Halafu usiondoke. Kaa chini, uliza bei ya mkeka, uliza anatoka mji gani. Ukili utarudi mikononi wenyewe, kamera iko magotini tayari kwa mita mbili, na ya pili unaipiga katikati ya maongezi bila kuinua kitu hadi usoni. Mwonyeshe palepale kwenye kioo. Akisema ifute, ifute. Na anayekataa tangu mwanzo, kamera irudi mfukoni na maongezi yaendelee, ili asione kwamba salamu yako ilikuwa chambo.

Wasio na fedha za GR, na ndio wengi wetu, soko la mtumba limejaa kamera za 2005 hadi 2014, hasa Canon IXUS na dada zake. Vijana wa Ulaya na Asia wamezigundua upya na bei zimeanza kupanda, kwa hiyo usichelewe. Ukiwa dukani, iwashe na kuizima mara kumi mfululizo usikilize lenzi: ikigugumia au ikitoa mlio wa kusaga, mrudishie muuzaji. Elekeza kwenye karatasi nyeupe, piga, kuza picha utafute madoa. Fungua mlango wa betri uone kutu. Uliza chaja, maana betri bila chaja yake ni kipande cha plastiki. Angalia kadi inayotumia: Olympus na Fujifilm za miaka ile zilitumia kadi za xD, na Sony zilikuwa na Memory Stick, na zote mbili leo ni za kuzisaka. Hata zenye SD za kawaida, zile za kabla ya 2006 nyingi hazisomi kadi inayozidi GB 2. Muuzaji akikuwekea ya GB 32 na kamera ikakataa, si lazima iwe mbovu. Ukishainunua, kitu cha kwanza ni kuweka tarehe na saa. Kamera iliyolala miaka mingi huamka ikidhani ni Januari mosi ya mwaka ilipoundwa, na itakupangia Iddi ya mwaka huu nyuma ya kuzaliwa kwa mwanao.

Mwisho wa mwezi chagua picha chache upeleke zikasafishwe. Saizi ya sentimita 10 kwa 15 inatosha, na picha ya karatasi ndiyo inayokulipia ruhusa ya kurudi mtaa uleule: bibi wa Tanga alipopata yake aliagiza nyingine mbili za watoto walioko Mombasa, zote za ile ya kukakamaa. Studio nyingi mashine zao hurekebisha kila picha zenyewe, zinaongeza mwanga na kung'arisha nyuso, na kazi yote uliyoifanya kwa kigurudumu cha kujumlisha na kutoa inafutwa kaunta. Mwambie kijana aizime marekebisho hayo, asafishe moja kwanza uione, ndipo alipwe kwa zilizobaki.